Mafumbo ya kugawanya: mtoto anakwamia wapi hasa?

Fumbo moja la kugawanya lina kazi tano ndani yake: kulisoma, kuelewa kisa, kuamua cha kufanya, kufanya hesabu yenyewe, kisha kulirudisha jibu kwenye kisa. Mtoto anaweza kuwa hodari katika nne akaangukia moja, na kosa litakalochorwa daftarini ni lile lile. Ndiyo maana kumwambia "haya, tuanze upya, gawa, zidisha, toa, shusha" mara nyingi hakumsaidii. Unamchosha kwa jambo alilokwisha kulijua, na lile linalomshinda hujaligusa.

Nimeyaandika haya kwa wale wanaoketi na watoto jioni baada ya chuo, yaani madrasa: mama, baba, dada aliyemaliza kidato cha nne, au mjomba aliyebebeshwa kazi hiyo kwa kuwa zamani alisifiwa hesabu. Nimeyapanga kwa dalili. Tafuta ile unayoiona kwenye daftari la mwanao, usome hapo, mengine uyaache mpaka yatakapohitajika.

Kwanza, mpime mara tatu

Chukua fumbo lililomshinda. Mpe kwanza nambari tupu: 156 ÷ 12. Baadaye mwambie fumbo hilo hilo kwa mdomo, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila karatasi mbele yake: "Wanafunzi 156 wameenda kuzuru Fort Jesus. Wanaingia kwa vikundi vya watu 12. Vitakuwa vikundi vingapi?" Mwisho mpe kama lilivyoandikwa kitabuni. Kila mara badilisha nambari kidogo, asije akalikariri jibu.

Akishindwa na nambari tupu, shida iko kwenye hesabu yenyewe. Ruka hadi sehemu ya sifuri na zile zinazoifuata. Akiziweza nambari tupu lakini la mdomo likamshinda, haoni kisa kinataka nini, na sehemu inayofuata ni yake. Akiyaweza yote mawili akaanguka kwenye la kitabuni, basi anapambana na lugha. Hapa Kenya, kuanzia Gredi ya 4 hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Majengo au Kisauni, Mombasa, anayeishi kwa Kiswahili kutwa nzima anaweza kuijua hesabu sawasawa akapotezwa na sentensi. Huyo dawa yake ni nyepesi: kabla ya kushika kalamu, alisimulie fumbo kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, kama anayempa mwenzake habari. Wako wazazi wanaoona huko ni kumdekeza. Na wajaribu wao kugawanya kwa lugha wanayoifahamu nusu.

"Nizidishe au nigawanye?"

Anakuuliza hivyo hata hajamaliza kusoma. Huyu anawinda maneno. Akiona "gawana" anagawanya, akiona "jumla" anajumlisha, akiona "imebaki" anatoa. Njia hiyo humfikisha salama kwa muda, mpaka akutane na "kila".

Tazama haya mawili:

Kila tuktuk hubeba abiria 3. Tuktuk 27 zimejaa. Abiria ni wangapi?

Kila tuktuk hubeba abiria 3. Abiria 81 wanataka kusafiri. Tuktuk ngapi zinahitajika?

Maneno ni karibu yale yale. La kwanza ni kuzidisha, jibu 81. La pili ni kugawanya, jibu 27. Mtoto anayeongozwa na neno "kila" atafanya jambo moja kwa yote mawili.

Ugonjwa huu hauko kwetu peke yetu. Karibu mwaka 1980 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi fumbo hili: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Wengi wao walizishughulikia nambari hizo mpaka wakapata umri wa nahodha. Mjaribu mwanao, ukitaka, ifanye meli iwe jahazi linaloingia bandari ya zamani. Akikwambia "36" bila kusita, umeshajua kwamba hasomi kisa, anatafuta nambari za kuzichanganya. Usimcheke. Amejifunza shuleni kwamba kila swali lina jibu, na kwamba nambari zote zilizotajwa lazima zitumike.

Dawa iliyonifaa zaidi ni kuzifunika nambari. Weka kidole, au zisome kama "kadhaa": "Kila tuktuk hubeba abiria kadhaa. Abiria kadhaa wanataka kusafiri. Tuktuk ngapi?" Sasa hana cha kuchanganya, amebaki na kisa. Muulize maswali mawili tu. Je, idadi yote tunaijua, au ndiyo tunayoitafuta? Ikiwa ndiyo tunayoitafuta, na mafungu yanalingana, hiyo ni kuzidisha. Ikiwa tunaijua na tunataka kuikata mafungu sawa, hiyo ni kugawanya. Swali la pili ni la kugawanya peke yake: tunajua mafungu ni mangapi, au tunajua fungu moja lina ukubwa gani?

Hilo la pili watu hulipuuza, na lina maana kubwa. "Maembe 72 wagawane watoto 6" na "maembe 72 yatiwe sita sita kwenye mifuko" yote ni 72 ÷ 6 = 12. Lakini katika la kwanza 12 ni maembe ya kila mtoto, na katika la pili 12 ni mifuko. Mtoto asiyeona tofauti hiyo huandika "12" na kuishia hapo, na ukimuuliza kumi na mbili nini, anakutazama. Mchoree miduara. Katika la kwanza, miduara sita, unadondosha maembe moja moja kwa zamu mpaka yaishe. Katika la pili unachota sita, unazungushia, unachota sita nyingine. Mara mbili tatu kwa nambari ndogo zinatosha. Hakuna haja ya kuchora maembe 72.

Anageuza: 8 ÷ 1,240

"Watu 8 waligawana shilingi 1,240." Anaandika nambari kwa mpangilio alivyozikuta. Muulize, "Kinachokatwa ni nini, watu au pesa?" Atacheka na kujirekebisha: 1,240 ÷ 8, kila mmoja shilingi 155. Ila usimfundishe kwamba kubwa ndiyo hugawanywa kwa ndogo siku zote. Siku si nyingi ataletewa lita 3 za maziwa zigawiwe watoto 12, na kanuni hiyo itamponza.

Anachukua nambari mbili za kwanza

Hapa zimo dalili mbili zinazofanana kwa nje.

Ya kwanza ni nambari isiyohusika. "Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilizuriwa na wanafunzi 156 kwa vikundi vya 12. Vikundi vingapi?" Akianza kugawanya 1593 kwa 156, amevutwa na mwaka. Mwambie apige mstari chini ya swali, yaani sentensi yenye alama ya kuuliza, kisha arudi juu kuzichagua nambari zinazolihudumia swali hilo. Jibu ni vikundi 13, na mwaka wa ngome hauna kazi humo.

Ya pili ni fumbo la hatua mbili. "Kwa arusi zililetwa kreti 6 za soda, kila kreti chupa 24. Soda ziligawiwa meza 9 sawasawa. Kila meza ilipata chupa ngapi?" Atagawanya 24 kwa 6, apate 4, na kwa kuwa imegawanyika bila baki ataamini kabisa kwamba amepata. Mgawanyo usio na baki huwalaghai sana watoto. Swali la kumuuliza hapa ni moja: "Kabla ya kuzipeleka mezani, tunajua soda zote ni ngapi?" Hatujui. Basi 6 × 24 = 144 kwanza, halafu 144 ÷ 9 = 16. Mwandikishe hatua ya kwanza kwa sentensi, "soda zote ni 144", si nambari peke yake. Nambari isiyo na jina kwenye karatasi husahaulika ilikotoka.

Jibu ni dogo kupita kiasi: sifuri iliyopotea

Kama ningeambiwa nichague kosa moja tu la kulitafuta kwenye daftari, lingekuwa hili. Hutokea kwa watoto hodari na wazito, kwenye mafumbo na kwenye nambari tupu.

Muuza mabuyu wa Mji wa Kale ana pakiti 1,218. Anazigawia maduka 6 sawasawa. Kila duka litapata pakiti ngapi?

Mtoto anaandika 23.

Fuata alivyokwenda. Sita ndani ya 1, haiwezekani. Sita ndani ya 12, mara 2, hakuna kilichobaki. Ameshusha 1. Sita ndani ya 1 haiwezekani, kwa hiyo ameshusha 8. Sita ndani ya 18, mara 3. Kila alichokifanya ni sahihi. Alichokosa ni kuandika sifuri pale alipoona haiwezekani. Jibu ni 203.

Kwa nini anaiacha? Kwa sababu pale mwanzo, sita iliposhindwa kuingia ndani ya 1, hakuandika kitu na hakuna aliyemkosoa. Kwa hiyo amejitungia kanuni: isipoingia, pita. Kanuni hiyo haina madhara kabla jibu halijaanza, lakini ndani ya jibu inavuruga kila kitu. Ukimwambia tu "umesahau sifuri", ataikumbuka leo na kesho ataiweka mahali pengine. Lazima aone kwamba ile 2 aliyoiandika si mbili. Ni mamia mawili, pakiti mia mbili kwa kila duka. Baada yake inakuja nafasi ya makumi, na makumi hayapo ya kutosha maduka sita, basi kila duka linapata makumi sifuri. Nafasi hiyo haiwezi kuachwa, kwa sababu ikiachwa mia mbili zitageuka ishirini.

Ziko njia mbili za kumzuia. Ya kwanza, kabla hajaanza, aweke nukta juu ya kila tarakimu ambapo jibu litakaa. Kwa 1,218 ÷ 6, jibu linaanzia juu ya 2, kwa hiyo nukta tatu: juu ya 2, ya 1, ya 8. Jibu lazima liwe na tarakimu tatu. Akimaliza na mbili, anajua mwenyewe kwamba kuna nafasi aliyoiruka.

Ya pili ni kukadiria. Maduka 6, pakiti 1,200 na kidogo. 1,200 kwa 6 ni 200. Jibu la 23 liko mbali mno. Hapa ndipo kisa kinapomsaidia kuliko nambari tupu, kwa sababu mtoto anajua mfuko wa pakiti elfu moja ulivyo mkubwa. Muulize, "Maduka sita, kila moja pakiti 23, mabuyu mengine yamekwenda wapi?" Wengi hulirekebisha kosa lenyewe kabla hujamaliza kuuliza.

Sifuri ya mwisho nayo hupotea kwa namna hiyo hiyo. 840 ÷ 7, anafika 84 ÷ 7 = 12, hakuna kilichobaki, anaweka kalamu chini. Ile 0 ya mwisho hakuishusha. Jibu ni 120. Na 743 ÷ 7 humtia mtegoni kwa namna nyingine: anaandika 16 baki 1, wakati ni 106 baki 1. Baki ni sahihi, na ndilo linalomdanganya.

Jibu refu kupita kiasi

Abiria 500 wameshuka feri upande wa Likoni wanataka kwenda Ukunda. Matatu moja inabeba 14. Zinahitajika ngapi?

Mtoto anakuletea 215 baki 10. Usikimbilie kukata. Angalia: alijiuliza kumi na nne iko mara ngapi ndani ya 50, akasema 2, akatoa 28, ikabaki 22. Akashusha 0, ikawa 220. Akaona 14 iko mara 15 ndani ya 220, akaiandika 15 pembeni mwa 2. Kutoa kwake ni sawa, kuzidisha ni sawa, hata baki ni sahihi. Ile 2 ni makumi mawili, yaani 20. 20 na 15 ni 35. Jibu liko karatasini, amelipanga vibaya tu.

Sababu ni kwamba alikadiria chini na hakuangalia baki. Baki la 22 lilikuwa linamwambia kuwa bado matatu moja zaidi inaingia, kwa sababu 22 ni zaidi ya 14. Mzoeze kusimama kila anapotoa na kuuliza: kilichobaki ni kidogo kuliko nambari inayogawanya? Kama sivyo, aongeze moja kwenye jibu na kurudia. Pia mwambie kwamba kila nafasi ya jibu inapokea tarakimu moja tu. Akijikuta anataka kuandika 10 au zaidi juu, arudi nyuma, kosa limetangulia.

Nambari ya tarakimu mbili inayogawanya inatisha kwa sababu hakuna aliyekariri jedwali la 14. Basi alitengeneze pembeni ya ukurasa kabla ya kuanza: 14, 28, 42, 56, 70, 84, 98, 112, 126. Ni kujumlisha tu, kunachukua dakika moja, na kunamwondolea kubahatisha kote. Sasa 50: ipo 42, ambayo ni ya tatu. Inabaki 8. Anashusha 0, 80: ipo 70, ya tano. Inabaki 10. Basi, 35 baki 10.

Kwa mtoto ambaye hata hilo linamwelemea, mwache agawanye kwa mafungu, kama kondakta anavyojaza gari. Matatu 10 zimeondoka na abiria 140, wamebaki 360. Nyingine 10, wamebaki 220. Nyingine 10, wamebaki 80. Matatu 5 zimechukua 70, wamebaki 10. Jumla 35. Ni ndefu, inakula karatasi, na baadhi ya walimu hawaipendi, lakini mtoto haipotezi maana njiani na hapotezi sifuri. Baada ya muda ataanza kuifupisha mwenyewe, na akiifupisha vya kutosha atajikuta amerudi kwenye njia ya darasani.

Tarakimu zimeteleza

Hesabu inaanza imenyooka na kuishia imeinama kama mnazi wa ufukweni. Anashusha tarakimu ya makumi chini ya mamoja, au anashusha moja mara mbili. Mpe daftari la mirabamiraba, tarakimu moja kwa kila kisanduku, na kila tarakimu iliyoshushwa aikate kwa alama ndogo. Juu ya safu aandike majina ya nafasi. Kwa Kiswahili nafasi zote nne zinaanza na M, hivyo herufi moja haitoshi. Mwambie aandike El, Mi, Ku na Mo, kwa maelfu, mamia, makumi na mamoja.

Anafika katikati, anachoka

Mpe jedwali la kuzidisha aliweke mezani. Akimaliza vizuri, tatizo lilikuwa jedwali na wala si kugawanya. Jedwali lifanyieni kazi kwa wakati tofauti, na huku aendelee kulitumia bila aibu. Akikwama hata akiwa nalo, tazama anavyotoa: 403 kutoa 385 huwashinda wengi kwa sababu ya kukopa kupitia sifuri.

Amepata, lakini ameambiwa amekosa: habari ya baki

Rudi kwa wale abiria wa Likoni. Mtoto ameandika "35 baki 10". Mwalimu ameweka alama ya kosa. Nyumbani kote wanalalamika kwamba hesabu ni sahihi, na kweli ni sahihi. Lakini swali liliuliza matatu ngapi zinahitajika. Hakuna matatu inayoitwa "baki 10". Wale watu kumi hawawezi kuachwa feri, wanahitaji gari. Jibu ni 36.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa miaka 13 nchini Marekani waliulizwa fumbo la aina hii: wanajeshi 1,128, basi moja hubeba 36, mabasi mangapi yanahitajika? Mgawanyo ni 31 baki 12. Wengi waliugawanya sawasawa, kama asilimia 70, lakini waliojibu 32 hawakufika hata robo. Wengine waliandika "31 baki 12" na kufunga daftari. Hao walikuwa wakubwa kuliko mwanao.

Chanzo ni mazoezi. Mtoto amefanya nambari tupu nyingi sana ambamo "baki" lilikuwa neno la mwisho, mpaka akaliona kama sehemu ya jibu. Kwenye fumbo baki ni kitu: watu kumi, kaimati kumi, siku mbili. Na kila kisa kinakifanyia kitu hicho jambo lake.

Shika 500 ÷ 14 hiyo hiyo na ubadilishe kisa. Mama amekaanga kaimati 500, anazifunga pakiti za 14. Pakiti kamili ni ngapi? Sasa jibu ni 35, na ukiandika 36 umekosa, kwa sababu ya mwisho haikujaa. Zimebaki kaimati ngapi za kula nyumbani? Sasa jibu ni 10, na ile 35 ndiyo isiyotakiwa. Mgawanyo ni mmoja na majibu ni matatu. Mpe mtoto visa hivyo vitatu kwa mpigo, siku moja, afanye hesabu mara moja tu juu ya ukurasa, kisha kazi yote iwe ni kuamua. Zoezi hilo lina faida kuliko hesabu kumi mpya.

Lipo la nne: je, kitu chenyewe kinakatika? Meta 50 za kitambaa wagawane mafundi 4: 12 baki 2, na zile meta mbili nazo zinakatwa, kila fundi apate meta 12 na nusu. Mbuzi 50 wagawane ndugu 4: 12 kila mmoja, na wawili wanabaki, labda mpaka wauzwe. Hakuna anayegawa nusu ya mbuzi aliye hai. Mtoto akijiuliza "kinakatika?" kabla ya kuandika, anapunguza nusu ya makosa ya aina hii.

Utakutana na mtoto atakayekujibu kwamba matatu 35 zinatosha kwa sababu wale kumi watabanwa humo humo. Huyo amekielewa kisa kuliko aliyekitunga. Mweleze tu kwamba fumbo linafuata sheria ya viti, na kwamba kwa mtihani jibu ni 36.

Kuna mafumbo ambamo baki ndilo jibu lote, na watoto wa hapa huyapenda. Mwaka wa kawaida wa Hijria una siku 354. Ikiwa Iddi ya mwaka huu imeangukia Ijumaa, na siku 354 zikapita, Iddi ijayo itaangukia siku gani? 354 ÷ 7 ni 50 baki 4. Zile wiki 50 kamili zinakurudisha kwenye Ijumaa. Kazi ni ya zile siku nne. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Mwandamo wa mwezi utakuwa na neno lake la mwisho, bila shaka, lakini hesabu ni hiyo. Ukiangalia vizuri utaona fumbo hili lina mitego miwili: akiandika 5 baki 4, ameacha sifuri ya mwisho, na hata hivyo atapata Jumanne. Kwa hiyo usiangalie jibu la mwisho tu. Mwambie azidishe jibu kwa nambari iliyogawanya na kuongeza baki: 50 × 7 + 4 inarudi 354, lakini 5 × 7 + 4 ni 39. Uhakiki huo ni wa kila fumbo, na ni wa mtoto kuufanya mwenyewe kabla hajakuletea daftari.

Manne ya kupimia

Yafanyeni siku mbili tatu baada ya mazoezi, siyo jioni hiyo hiyo.

Soko la Kongowea limepokea machungwa 4,515, yanafungwa kwenye nyavu za 15. Nyavu ngapi? Jibu ni 301. Akipata 31, rudini kwenye sifuri.

Mama ana mahamri 300. Nyumbani wamekula 12, yaliyobaki akayafunga manane manane. Mafungu mangapi? Jibu ni 36. Akisema 37 baki 4, hakuyaondoa yale yaliyoliwa. Anakimbilia nambari kabla ya kumaliza kisa.

Wanafunzi 230 wanakwenda safari kwa mabasi ya viti 33. Mabasi mangapi? 230 ÷ 33 ni 6 baki 32, kwa hiyo 7. Hapa baki ni kubwa karibu sawa na nambari inayogawanya, na mtoto mwangalifu hushtuka akadhani amekosa. Akishtuka, kisha akalinganisha 32 na 33 na kuendelea, ameshika. Akisema 6, anahitaji visa vya kaimati na matatu tena.

Leo ni Jumapili. Baada ya siku 100 itakuwa siku gani? 14 baki 2, kwa hiyo Jumanne. Akianza kuhesabu siku moja moja kwa vidole, mwache afike. Kisha muulize wiki nzima nzima zilimfikisha wapi.